Nta ya Kofia ya Mzee Mselem

Mmekuja na simu zenu na vijiti vyake, mmeketi kwenye mkeka wangu, mkaniambia mwataka historia ya hip-hop ya Mombasa kutoka kwa mtu aliyeianzisha Kibokoni. Mmekunywa chai yangu. Mmekula mahamri na mbaazi za mke wangu mpaka bakuli limeng'aa. Sasa kwa kuwa mmeshashiba na hamwezi kukimbia, niwaambie kweli: aliyewatuma kwangu amewachezea shere. Mimi nilikuwa dobi. Nimefua, nimesuuza na kupiga pasi mpaka mgongo ukagoma. Breki nimecheza mara moja tu maishani, na sikuicheza kwa mapenzi ya muziki. Nilicheza kwa sababu nilitaka kuoa.

Lakini kaeni. Historia yenu mtaiokota humo humo ndani ya yangu, kama nilivyokuwa nikiokota vifungo vya watu chini ya karai.

Nyinyi leo mwatia nguo kwenye mashine, mwabonyeza, mwaenda zenu. Sina ugomvi na mashine, binti yangu anayo na inanguruma vizuri. Ila mashine haisomi. Sisi tulikuwa twasoma nguo kabla ya kuilowesha. Aliyenifunza ni Mzee Kazungu, Mgiriama wa Kaloleni, Mkristo wa kanisani kila Jumapili, aliyewafulia Waislamu wa Mji wa Kale maisha yake yote hata akawa anajua Ramadhani imekaribia kabla yetu sisi wenyewe. Alikuwa akiitandaza nguo juu ya meza, anaizunguka mikono nyuma, kisha ananiuliza, "Haya Athmani, huyu bwana jana alikuwa wapi?"

Nikikosea napigwa kibao cha kisogo, na mwanzoni nilikosea sana. Polepole nikajua. Maji ya dafu hayaonekani siku ya kwanza. Yanakuja kuonekana nguo ikishakauka, na hapo umechelewa. Damu usiitie maji moto hata mwenyewe akikusihi. Masizi usiyasugue, yapepee kwanza. Na ile polishi nyekundu ya kopo, waliyokuwa wakipaka kina mama wa Kibokoni sakafuni mpaka wageni wateleze, hiyo hutoka kwa tone la mafuta ya taa na subira nyingi. Kila baada ya Idi nililetewa suruali za watoto zenye magoti mekundu, nikajua wametambaa wapi wakitafuta peremende.

Pamoja na kusoma, Mzee Kazungu alinifunza kunyamaza. Kulikuwa na bwana mmoja wa Kizingo, mtu wa nyumba kubwa na gari mbili, ambaye daktari alimkataza mafuta. Kila wiki mfuko wa shati lake la kazini ulikuja umelowa samli. Sambusa, tena za moto. Mkewe akaja dukani ananiuliza, eti mbona mume wangu ala mboga tupu na hapungui? Nikamtazama Mzee Kazungu. Mzee Kazungu akatazama pasi.

"Mama," nikasema, "sisi twafua tu."

Alipotoka, mzee akaniambia, "Vizuri. Linalosemwa na nguo, Athmani, liishie majini." Ndiyo siku aliyoacha kunipiga vibao vya kisogo.

Sasa nije kwenye miaka ya tisini. Mzee Kazungu ameshaniachia duka, nami nataka kumwoa Zuhura.

Zuhura alikuwa mshonaji wa kofia. Zile kofia za vito, matundu madogo madogo yaliyozungushiwa uzi, kazi ya miezi. Nilikuwa nikizipokea kofia zake nizifue kabla hazijapelekwa kwa wenyewe, na nilimjua mkono wake kabla sijamwona uso. Alikuwa hakati uzi kwa meno. Kwa wengine, dobi anaona alama ya meno pale uzi ulipokatwa, kwake hakuna. Nikawaza, mwanamke mwenye subira ya kutafuta mkasi kila mara atanivumilia hata mimi.

Tatizo lilikuwa babake. Mzee Mselem alikuwa karani wa forodha aliyestaafu, mjane, mrefu, maneno machache, kanzu imenyooka kana kwamba ndani hamna mtu. Alikuwa na watoto wawili tu: Zuhura, na Faraji, mvulana aliyekuwa mwaka wa mwisho skuli. Nilimtuma ami yangu na Mzee Kazungu wapeleke posa. Mzee Mselem akawapa kahawa na halua, akawasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Tutamtazama."

Akanitazama miezi. Nikipita barazani kwake, ananitazama. Nikimpa salamu, anaitikia salamu yote na rehema zake na baraka zake, halafu anaendelea kunitazama. Sikuwa na njia ya kumwonyesha mimi ni nani ila moja: kila wiki kofia yake ya Ijumaa, aliyoshonewa na Zuhura mwenyewe, ilikuja kwangu kufuliwa. Nikaamua posa yangu nitaisemea kwenye kofia.

Basi sikilizeni kazi ilivyokuwa. Unachemsha wanga wa muhogo, unauchuja kwa kipande cha leso kuukuu. Kofia ikishafuliwa unaichovya, kisha unaivika kwenye faroma, kile kigogo cha mbao chenye umbo la kichwa, ikauke kivulini bila kunywea. Halafu pasi. Hivyo ndivyo dobi yeyote hufanya. Lakini Mzee Kazungu alikuwa na siri yake aliyoipata ujanani kwenye mashati magumu ya Wazungu wa karamuni: unakwangua nta ya mshumaa, unaitia kwenye wanga ungali moto, unakoroga. Kofia inatoka imekauka kama sahani, inang'aa, inateleza. Ya Mzee Mselem niliitia nta ya mtu mwenye shida. Inzi alitua juu yake mbele ya mato yangu, akaanguka.

Baada ya wiki kadhaa nikaanza kuona jambo. Kofia inaletwa na Faraji, naitandaza mezani, naizunguka mikono nyuma. Ukingoni jasho kidogo, sawa, ni kawaida ya mtu mzima anayetembea mpaka msikitini. Lakini juu, utosini, pale pasipoguswa na mtu wala kitu, kuna mviringo wa vumbi la kijivu. Vumbi la saruji. Limesuguliwa mpaka ndani ya uzi.

Nimefua kofia za wavuvi, za masheha, za mabwana harusi. Kofia huchafuka pembeni, kwa mkono wa kuivua. Juu haichafuki kamwe, labda ndege amefanya yake. Nikawaza mchana kutwa. Nikafunga duka mapema niwaze vizuri. Kila nilivyoigeuza, kofia ilinipa jibu moja tu: Mzee Mselem, karani wa forodha mstaafu, baba wa mchumba wangu, anasimama kwa kichwa.

Nikajiambia haiwezekani. Nikatafuta sababu nyingine, nikaipata, na kwa upumbavu wangu nikaenda kumuuliza.

"Masalkheri, mzee wangu."

"Masalkheri, Athmani."

"Samahani, mzee wangu. Dari la nyumbani kwako... liko chini?"

Akanitazama kutoka unyayoni mpaka juu. Akatazama mlango wa nyumba yake, ambao tembo angepita akiwa na mzigo.

"Dari langu?"

"Nasema tu, labda lahitaji kupakwa chokaa."

"Athmani," akasema, "wewe wataka kumwoa binti yangu ama wataka kuinunua nyumba?"

Nikarudi dukani, nikakata tamaa ya wiki ile.

Ukweli niliukuta Mbaraki. Kulikuwa na familia za reli na bandari kule nilizozifulia mashuka, nami nilikwenda kuyachukua na karai langu kubwa la bati kichwani. Nyuma ya ghala moja la saruji nikasikia redio imefunguliwa mpaka mwisho. Nikachungulia. Vijana wamezunguka maboksi yaliyokunjuliwa chini, suruali zao kila moja ingetosha wawili, na katikati yao mtu yuko kichwa chini miguu juu, anazunguka kama pia. Akazunguka, akazunguka, akaanguka puu, kofia ikamtoka ikaviringika mpaka miguuni pangu. Sikuhitaji kuinama kuijua. Hata uzi wake niliujua.

"Ami Athmani!" Faraji akasema, bado amelala chali. "Usimwambie baba."

"Mbona hukuvaa kofia yako?"

"Nimejaribu zote, ami. Zashika chini, zanivunja shingo. Hii ya baba ndiyo yateleza. Wallahi siyui yatiwa nini."

Nikalipindua karai langu, nikalikalia. Mimi ndiye niliyekuwa nimeipaka kofia ya babake nta.

Hapo ndipo mimi niliposomeshwa historia mnayoitaka, na aliyenisomesha ni Faraji pamoja na rafikiye Kilonzo, mtoto wa fundi wa reli, mwenye redio. Wakaniambia mambo haya yalianzia New York, mtaa wa Bronx, kwa watu weusi na watu wa visiwa vya huko, maskini, nyumba zimeungua, kazi hamna. Wanatoa santuri zao nje, wanachomeka nyaya kwenye nguzo za taa za barabarani. Wapiga santuri wakaona kwamba watu huruka zaidi pale mwimbaji anaponyamaza na ngoma kubaki peke yake. Basi wakaweka sahani mbili za wimbo mmoja. Ngoma ikiisha huku wanaianza kule, isiishe. Pale ndipo breki, na wanaoingoja waingie hapo ndio wacheza breki. Wengine wakashika kipaza sauti wakawa wanasema mashairi juu ya ngoma, wengine wakachora kuta.

Nikawaambia hilo hata wapiga chakacha wa kwetu walilijua. Sijaona bibi aliyeinuka kitini kwa sababu ya maneno. Wakacheka sana, nikajiona mtaalamu.

"Na hapa Mbaraki imefikaje?" nikauliza.

"Baharia," Kilonzo akasema. "Alikuja na meli, akamwachia kaka yangu kanda ya video. Kaka yangu hana deki ya kuichezea. Sisi pia hatuna deki. Kuna mwenzetu wa darasani, akaa Kizingo, kwao kuna deki. Tukaitazama kwao mpaka mamake akatufukuza."

"Tukaitazama mno," Faraji akasema kwa huzuni. "Pale pa kuzunguka kwa kitwa ndipo tuliparudia-rudia. Kanda ikachoka. Sasa yule mchezaji yuwaanza kuzunguka, halafu picha yawa mvua tupu, ikirudi keshasimama wima ashika kiuno."

"Kwa hivyo?"

"Kwa hivyo kuanza twajua, ami. Kusimama ndiko tusikojua. Mombasa nzima hakuna ajuaye."

Ndivyo hip-hop ilivyotufikia, wanangu, kwa meli na bila mwisho. Andikeni hivyo.

Kesho yake Zuhura akaja dukani mwenyewe, na buibui lake, na furushi la kofia mpya. Tulikuwa hatujawahi kusema zaidi ya salamu. Nilikuwa na pasi mkononi.

"Bwana Athmani, nasikia ulikuwa Mbaraki."

"Nilikuwa."

"Ukaona?"

"Dobi haoni, Bi Zuhura. Dobi afua tu."

"Sikuulizi dobi. Nakuuliza wewe." Akasogea kidogo. "Baba akiyajua haya, atamtoa Faraji skuli ampeleke Lamu kwa ami yetu akauze boriti. Na mtihani ni mwaka huu. Nimeomba mengi kwa Mungu, hili nakuomba wewe. Usiseme."

"Sitasema."

"Hata ukiulizwa na baba mwenyewe?"

"Hata nikiulizwa."

Akanitazama kwa yale mato, akasema ahsante, akaenda. Nilipoikumbuka pasi, shati la mwalimu mmoja wa Mbaraki lilikuwa na dirisha mgongoni.

Nikamtengenezea Faraji kofia yake ya mazoezi, kuukuu, nikaipiga nta ya kutosha. Akaapa hataigusa tena ya babake, nami nikamwamini. Siku hizo nilikuwa najiona mtu mwerevu aliyemaliza mambo.

Kisha wakaja vijana wa Kizingo. Yule mwenye deki alikuwa ameunda kundi lake, viatu vya namna moja wote, na redio ya kubebwa na watu wawili. Wakawatangazia Faraji na Kilonzo shindano, Alkhamisi baada ya alasiri, palepale Mbaraki, atakayeshinda anywe kreti la soda. Watu wakajaa. Mimi nilikwenda kufuata mashuka yangu, na kama nilikwenda mapema saa nzima ni shauri langu.

Kizingo wakacheza vizuri, sitawanyima haki yao. Ilipofika zamu ya wetu, redio ya Kilonzo ikaitafuna kanda. Ikaitoa kwa mdomo kama mtoto anayetema uji. Kizingo wakakataa kuazima redio yao. Faraji amesimama juu ya maboksi na hana hata mdundo wa kumsukuma. Watu wakaanza kuzomea, nami sikuvumilia, maana yule alikuwa shemeji yangu mtarajiwa. Nikapindua karai nikalipiga. Sikujua ngoma nyingine ila chakacha, basi nikapiga chakacha.

Kilonzo akatikisa kichwa, akaanza kupiga makofi kuifuata. Wengine wakafuata. Na Faraji akainama, akatoa kofia mfukoni, akaivaa, akapanda juu kwa kichwa.

Ikang'aa kwa jua la alasiri. Nikaijua. Ile ya mazoezi haikuwa na mng'aro ule. Ule ulikuwa wa nta ya posa. Nilitaka kupiga kelele lakini mikono haikuacha karai, na mikono isipoacha naye haachi. Akazunguka kama hajawahi. Akatoka kwenye maboksi akaingia kwenye kokoto, watu wakampisha, akaendelea, maana nani angemwambia kusimama ni vipi? Alisimamishwa na kreti la soda. Chupa mbili zikavunjika, zilizobaki akapewa mshindi. Watu wakambeba Faraji, na wengine wawili, sijui kwa nini, wakanibeba mimi na karai langu.

Kofia nikaipata chini. Juu ilikuwa na tundu la kupita kikombe cha kahawa.

"Vito haviwezi kurudi kwa usiku mmoja," Zuhura akasema alipoiona. Faraji akasema atamwambia baba ni panya. Akaitundika kofia kwenye msumari wake kama kawaida, tundu akalielekeza ukutani. Ijumaa Mzee Mselem akachelewa kidogo, ukumbi una giza, akaichukua akaivaa akaenda msikitini. Safu zote za nyuma zikasali zikikitazama kipara chake.

Baada ya sala nikaitwa barazani. Walikuwapo wazee wote wa mtaa, muuza kahawa na dele lake, na juu yetu dirisha la Zuhura limefunguliwa kidole kimoja. Mzee Mselem ameishika kofia mapajani. Faraji amesimama mlangoni, rangi ya wanga.

"Athmani," akasema taratibu, "kofia hii haishikwi ila na watu watatu. Binti yangu huishona. Mwanangu huibeba. Wewe huifua. Panya nimeambiwa, na panya namjua, nimekaa maghala ya forodha. Panya hali kwa kuzunguka. Sasa wewe ni mtu wa kusoma nguo, wasifika kwa hilo. Nisomee. Ni nani?"

Wanangu, jibu nilikuwa nalo. Nikilitaja, mimi ni dobi mkweli, posa yangu iko palepale. Faraji aenda Lamu. Na Zuhura atakuwa mke wangu, lakini kila nitakaporudi nyumbani nitamkuta ameketi na lile neno nililomwapia. Nikatazama lile dirisha.

"Ni mimi, mzee wangu."

Vikombe vikasimama hewani.

"Wewe?"

"Mimi. Kofia ikishakauka mimi huivaa, nikasimama kwa kichwa, nikazunguka. Yapata mng'aro. Ni njia ya kisasa."

"Ya kufua?"

"Ya kumalizia."

Mzee Mselem akaninyooshea kofia. "Hebu teza nione."

Nikavaa kofia. Nikaweka kichwa sakafuni, saruji ya baraza ile iliyolainishwa na makalio ya wazee kwa vizazi. Nikanyanyua miguu. Nilichokuwa nimesahau ni kanzu. Ikashuka yote ikanifunika uso, nikabaki bukta ya mistari mbele ya wazee wa mtaa, kwa hivyo yaliyofuata nawaeleza kwa kusikia tu. Nikajitupa kwa kiuno nilivyoona Faraji akifanya. Nta ikafanya kazi yake. Nikasikia upepo, nikasikia mtu anasema "Lahaula!", nikasikia dele linaanguka na muuza kahawa anamwita mamake. Sikujua kusimama. Hakuna aliyejua. Nikaishia kwa miguu kwenye mapaja ya imamu mstaafu.

Na kule juu dirishani nikasikia Zuhura anacheka. Sikuwahi kumsikia akicheka kabla. Nilikaa pale chini ya kanzu yangu, nimeaibika mbele ya mji, na nilikuwa na furaha.

Nilipojifunua, Mzee Mselem alikuwa ameinama juu yangu.

"Umeumia?"

"La, mzee wangu."

"Kitwa ki kizima?"

"Ki kizima."

"Sidhani," akasema. Akakaa, akapangusa kahawa kwenye mkono wa kanzu. "Athmani, nimekutazama miezi mingi nitafute ila yako. Huna. Huvuti, hupigi kelele, nguo zako safi, kazi yako safi. Mwanamume asiye na ila hunitia hofu. Nilisema huyu ameificha kubwa. Leo nimeiona. U mwendawazimu kidogo. Hilo twalimudu. Mwambie ami yako aje tupange siku."

Tukaoana. Faraji akafanya mtihani wake, akafaulu, baadaye akaenda Maskati kufanya kazi, na huko ni mtu mzito mwenye tai. Kreti la soda hajalitaja tena. Mimi nikabaki na jina la Athmani Breki, na watoto wakakua wakiambiwa yule pale ndiye wa kwanza, alipiga ngoma Mbaraki akazunguka Kibokoni. Ndilo jina lililowaleta hapa. Wajukuu wake walipozaliwa, Mzee Mselem alikuwa akiwaambia mbele yangu, "Mpendeni baba yenu, lakini msimwige."

Sasa zimeni simu zenu. Hili la mwisho ni la masikio tu, na nalisema kwa kuwa mkwe wangu ameshatangulia mbele ya haki na Faraji amenipa ruhusa.

Ulikuwa mwaka wa pili tangu Faraji aende Maskati. Mzee Mselem alikuwa anakaa peke yake na mtumishi wa mchana. Siku hizo tulimwona anatembea shingo upande, akiulizwa anasema amelalia mto mbaya. Kisha akaja dukani na kofia yake ya Ijumaa mkononi, aliyoshonewa badala ya ile iliyotoboka, yeye mwenyewe, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Akaiweka mezani akageuka kutazama barabara.

Nikaitandaza. Nikaizunguka mikono nyuma. Ukingoni jasho kidogo. Juu, utosini, mviringo. Si wa saruji. Mwekundu, polishi ya sakafu, ile ya chumbani, na umesuguliwa mpaka ndani ya uzi.

Nikatafuta mafuta ya taa.

Akakohoa. "Athmani."

"Naam, mzee wangu."

"Ile nta uliyokuwa ukitia zamani, kabla hujaoa." Bado anatazama barabara. "Siku hizi watia kidogo."

Nikaona haya, maana ilikuwa kweli. "Nisamehe, mzee wangu."

"Mtu hamtilii mtu nta kidogo kwa sababu keshampata bintiye," akasema. Akashika shingo yake, akaigeuza polepole upande huu na upande huu. "Ongeza."